Kumbukumbu Ipi?

Miongoni mwa maneno ambayo Kiswahili kimeyatwika mzigo mzito ni neno kumbukumbu. Hilo ni ukumbusho wa marehemu; ni maandishi ya mkutano; na katika uwanja wa tarakilishi ni RAM na pia, kwa watu wengi, ni diski inayohifadhi faili. Uzito wa mzigo huo niliung'amua wakati tarakilishi yangu ya mezani ilipoanza kukwama ghafla na kuonyesha skrini ya buluu, mara tatu au nne kwa siku.

Ndani yake mlikuwa na sura mbili za tasnifu yangu na rekodi za ngano nilizosimuliwa na wazee, ambao baadhi yao wamekwisha kututoka. Nilizinakili zote kwenye flashi siku iyo hiyo, kisha nikamwita fundi. Aliitazama skrini, akatikisa kichwa.

"Kumbukumbu ndiyo mbovu, mwalimu. Tufute diski, tusakinishe Windows upya."

"Kumbukumbu ipi, fundi?" nikamuuliza.

Swali hilo lilitusimamisha sote wawili.

Aghalabu watu huichukulia skrini ya buluu kuwa kifo cha mashine. La hasha! Mfumo ukikumbana na hitilafu usiyoweza kuivuka kwa usalama, hujisimamisha wenyewe ili usiharibu data, kisha huacha ushahidi: msimbo wa kosa na, kwa kawaida, faili ndogo katika folda iitwayo Minidump. Tulipoifungua rejista ya matukio, tulikuta misimbo mitatu tofauti: 0x1A, 0x50 na 0x0A. Msimbo mmoja ukijirudia, aghalabu mshukiwa wa kwanza huwa programu au kifaa fulani. Misimbo ikibadilikabadilika, yafaa kuichunguza RAM, kwa kuwa kibao kibovu chaweza kuvuruga programu yoyote inayokitumia.

Basi tuliendesha programu ya kupima kumbukumbu iliyomo ndani ya Windows. Ikaripoti hitilafu. Tukazima mashine, tukachomoa waya wa umeme, tukakiacha kibao kimoja tu kati ya viwili vya RAM, tukapima tena; kisha tukavibadilisha. Cha kwanza kilipita. Cha pili kilifeli kila mara, hata tulipokihamishia tundu jingine. Tulipokiondoa, skrini ya buluu haikuonekana tena. Diski haikuguswa.

Kuifuta diski kusingaliponya chochote. RAM hupoteza yaliyomo umeme ukikatika, ilhali diski huyahifadhi. Hivyo ni vitu viwili, navyo vyastahili majina mawili. Simlaumu fundi, mikono yake inaijua kazi kuliko istilahi tulizompa.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kujadili iwapo tuseme tarakilishi au kompyuta, na iwapo tuunde neno au tukope. Mjadala huo una nafasi yake. Hata hivyo, mezani pa fundi kigezo kikuu ni kama neno linatenganisha yanayopaswa kutenganishwa. Binafsi nimeanza kusema "kumbukumbu ya muda" kwa RAM na "hifadhi" kwa diski. Huenda wenzangu wana maneno bora zaidi. Pendekezo langu kwa chama chetu ni kwamba istilahi za aina hii zijaribiwe kwanza karakanani, mbele ya mashine iliyofunguliwa, kabla hazijapelekwa kamusini.