Sanduku la Ndoana la Marehemu Baba

Marehemu baba yetu, Mola amrehemu, alituachia nyumba ya makuti, mtumbwi mmoja na sanduku la mbao ambalo sisi mabinti zake watatu hatukuwahi kulifungua. Mama alikuwa ameingia eda. Ndugu yetu wa kiume, kitinda mimba wa nyumba, alikuwa na umri wa miaka 19. Bahari aliijua kwa kupiga kafi nyuma ya baba. Kuchagua mshipi na chambo hakukuwa kazi yake.

Sanduku lilituogopesha, maana kulifungua kulikuwa kama kukiri kwamba mwenyewe harudi. Tukaenda dukani. Tulinunua mshipi mwembamba kwa kuwa ulikuwa rahisi, na ndoana ndogo za namba 16, kwa kuwa muuzaji alituapia kwamba hizo hazikosi samaki. Chambo tukanunua kamba, na hao kamba walitugharimu kuliko mshipi na ndoana pamoja.

Usiku wa kwanza ndugu yetu alirudi na changu thelathini na kitu, hakuna aliyezidi urefu wa kiganja. Alisimulia pia juu ya samaki mmoja mzito aliyeukata mshipi kwenye matumbawe. Sisi tulifurahi. Mama alilitazama kapu kutoka mlangoni mwa chumba chake, akauliza, "Mmenunua namba ngapi?" Tulipomjibu alinyamaza, kisha akasema aletewe sanduku.

Mama hajapata kupanda mtumbwi kuvua. Lakini kila usiku baada ya Isha, tulipokuwa watoto, ndiye aliyekaa mbele ya koroboi akifunga ndoana na kukata chambo, na baba akipumzika kungoja maji. Sisi tulidhani anamsaidia tu.

Alianza na namba, ambazo sisi tulizielewa kinyume: kadiri namba inavyopanda, ndivyo ndoana inavyopungua. Akatoa za namba 8 kutoka kopo la dawa, akapitisha ncha ya kila moja juu ya ukucha wake. Inayokwama ukuchani ni kali. Inayoteleza inolewe au itupwe. Kisha akauvuta mshipi wa zamani katikati ya vidole viwili, pole pole, macho kayafumba, akitafuta mahali palipokwaruzwa na jiwe. Alipopapata alipakata kwa kisu na kuunga upya. Chubwi za risasi alizitenga mafungu mawili: nzito za bamvua, wakati mkondo una nguvu, na nyepesi za maji mafu.

Kwenye chambo ndiko alikotukemea hasa. Kamba, alisema, hupendwa na kila samaki, wakiwemo wadogo wanaodonoa mpaka ndoana ikabaki tupu. Ngisi ana nyama ngumu, hukaa ndoanani, na changu mkubwa humfuata gizani. Akatwe vipande virefu vyembamba vinavyochezacheza majini, ncha ya ndoana ibaki nje. Pweza ni mgumu zaidi. Dagaa ni laini na hutoka upesi, lakini harufu yake humwita kolekole. Atiwe chumvi kidogo ili akaze. Na tafi? Huyo hula majani. Mwacheni mwenye malema na mwani wake. Chambo kilicho hai hakutaka kukisikia. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufundisha wema hata katika kuchinja, vipi tumchome kiumbe ndoana akiwa hai?

Hatukuafikiana naye kwa yote. Wiki ile ndani mlikuwa na unga tu, na wale changu wachanga walikuwa wakiuzika kwa mafungu mlangoni. Mama alikataa wasivuliwe tena. "Hawa hawajazaa bado," alisema, "mwakani mtavua nini?" Mmoja wetu mpaka leo anaona kwamba mama alikuwa mkali mno kwa nyumba yenye njaa, na hatuwezi kumwambia kwamba amekosea kabisa.

Siku hizo hizo alikuja ami yetu. Alikaa ukumbini, mama akawa nyuma ya pazia. Alitaka kijana ajiunge na wavutaji wa juya, apate fungu lake kila siku. Juya lilipigwa marufuku na serikali tangu mwaka 2001, kwa kuwa hukokota nyasi za bahari pamoja na vitoto vya samaki vilivyojificha humo, ingawa kulipiga marufuku na kulikomesha ni mambo mawili. Mama alimshukuru ami kwa adabu zote. Kisha akasema mwanawe ana mshipi.

Usiku wa tatu wa kutumia sanduku la baba, kijana alitoka na ngisi na ndoana nane. Mama hakulala; tulimsikia akivuta uradi mpaka alfajiri. Alirudi na changu wanne wa kujaza sinia na chewa mmoja aliyemvuta mbio kabla hajaingia pangoni mwake. Tulitaka kumwandalia chai. Mama alimwita kwanza mlangoni, akahesabu ndoana, zikawa saba, akampa kata ya maji baridi azisuuze chumvi na kuzipaka mafuta kabla ya kukaa kitako.