Kumpima Asiyeonekana

Mwaka tulipomzika mtoto wetu wa kwanza, sala zilitukauka vinywani. Tuliendelea kwenda kanisani, tukakaa benchi la nyuma, tukaitikia "Amina" kwa mazoea. Sisi wawili, mume na mke, ni walimu wa sayansi. Usiku, usingizi ulipotukimbia, tulisoma habari za nyota.

Ndipo tulipoikuta habari ya setilaiti iitwayo Uhuru. Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Kazi yake ilikuwa kutafuta miale ya eksirei angani. Miongoni mwa asili za miale hiyo ilizozichunguza ni Cygnus X-1, na mahali hapo ipo nyota kubwa ya buluu.

Mwaka 1971, Louise Webster na Paul Murdin huko Uingereza, na Tom Bolton huko Kanada, waliichunguza nuru ya nyota hiyo. Ilipotujia, nuru ilisogea kidogo kuelekea buluu. Ilipotuacha, kuelekea nyekundu. Mwendo huo ulijirudia kila baada ya siku 5.6. Nyota ilikuwa ikizunguka na mwenzi asiyeonekana. Kwa kasi yake, muda wa mzunguko na makadirio ya uzito wa nyota yenyewe, walimpima mwenzi huyo, wakamkuta mzito kulipita jua letu mara kadhaa. Ni shimo jeusi.

Mwaka 2011 uzito wake ulikadiriwa kuwa kama majua 15. Mwaka 2021, umbali ulipopimwa vizuri zaidi, ukawa kama majua 21. Shimo halikukua, kipimo ndicho kilichokuwa pungufu.

Tulitazamana. Nasi tulikuwa tumemtafuta Mungu kwa macho, na kwa kutomwona tukamhesabu kuwa hayupo. Tukaanza kutazama mwendo. Mama mmoja wa jumuiya yetu alituletea uji kila asubuhi kwa majuma, bila maneno mengi. Na sisi, tusioweza kusali, kila Jumapili miguu ilitupeleka kanisani. Nani alikuwa akituvuta?

Hatusemi kwamba hesabu huthibitisha imani, na majonzi hayajaisha. Lakini ndugu mpendwa, ikiwa leo humwoni, usiharakishe kusema hayupo. Tazama ni nini kinachokufanya uendelee kuzunguka hapo hapo. Kipimo chetu cha kwanza kilikuwa kidogo mno.