Kwa mashua hadi Bagamoyo, na jaketi la mjukuu wa nahodha

Pale Msasani, boti za matanga za wageni zinapotia nanga, mwanangu wa miaka mitano aliniuliza swali lililokula Jumamosi yangu nzima: "Mama, hizo zinakwenda wapi?" Nikamweleza kuwa huko Mediterania watu husafiri na boti kama hizo kutoka bandari moja ndogo hadi nyingine, wanafunga kamba gatini na kushuka kwenda kula. "Na sisi twende," akasema.

Boti ya namna hiyo sina. Ila bandari ndogo tunayo, kama kilomita 70 kwa barabara kutoka Dar es Salaam. Binamu yangu, anayenunua samaki Kunduchi, alimfahamu nahodha mmoja mtu mzima aliyekuwa anapeleka mashua yake Bagamoyo kutiwa kalafati kwa mafundi wa huko. Akakubali kutubeba.

Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa ufukweni Kunduchi, mimi na chupa ya chai ya tangawizi, mtoto na kofia. Nahodha alitutazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Mwanangu, boya la mtoto liko wapi?"

Mzazi mwenzangu, naandika habari za afya. Ninajua kwamba Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 300,000 hufa maji kila mwaka, na karibu robo yao ni watoto wa chini ya miaka mitano. Nimewahi kuandika kuhusu Julai 25, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 2021 kwa ajili ya kuzuia vifo hivyo. Na nilikuwa nimesimama pale na kofia.

"Si mna majaketi okozi?" nikauliza. Akachukua la mtu mzima, akamvika mtoto, akafunga mikanda yote, kisha akashika mabegani na kulivuta juu. Jaketi likapanda, uso wa mwanangu ukapotelea ndani. "Umeona? Akianguka majini, jaketi litaelea, yeye atateleza chini." Likiwa la kimo chake, alisema, ukilivuta hivyo halivuki masikio, na la mtoto mdogo liwe na mkanda wa kupita katikati ya miguu.

Nikasema basi nitampakata. Mzee hakunijibu. Alimtuma kijana nyumbani kwake akachukue la mjukuu wake. Tulisubiri saa moja na nusu. Mabaharia walinuna, na walikuwa na sababu: maji yalikuwa yanajaa saa mbili na nusu, na kila dakika tuliyokaa ilikuwa ya kulipa baadaye.

Hatimaye tukatweka tanga. Agosti ni kipindi cha kusi, upepo unasukuma kaskazini, mashine ikasaidia pale tanga lilipolegea. Kisiwa cha Mbudya kikabaki kulia kwetu, mahoteli yakapungua, ufukwe ukawa michanga na minazi. Mtoto alitapika mara moja, karibu na Mbweni. Nilimketisha katikati ya mashua, ambako mtikisiko ni mdogo, nikamwambia atazame nchi kavu ya mbali, si maji ya karibu. Baada ya hapo akala mihogo yangu yote. Mbele ya Mbegani mikoko ilianza, na nahodha akaonyesha upande wa Kaole, wenye magofu ya msikiti wa karne ya 13.

Bagamoyo tulifika karibu saa sita, na bahari ilikuwa imeshaondoka. Kule Mediterania maji hupanda na kushuka kidogo tu, ndiyo maana boti hukaa gatini mchana kutwa. Kwetu siku za bamvua hupanda zaidi ya mita tatu, na ufukwe wa Bagamoyo ni tambarare. Jahazi lililokuwa likielea asubuhi, adhuhuri limelala ubavu. Meli kubwa hazikuweza kusogea, na hiyo ni moja ya sababu za Wajerumani kuhamishia makao yao makuu Dar es Salaam mwaka 1891.

Kwa hiyo tulitembea. Maji ya kiuno, kisha magoti, kisha matope, mtoto mabegani kwa baharia mmoja, viatu vyangu mkononi. "Vaa hivyo viatu," nahodha alinifokea, "na usinyanyue miguu, iburute." Taa hujifukia mchangani, ukiburuta miguu hukimbia, ukimkanyaga hukuchoma kwa mwiba wa mkiani. Huduma ya kwanza ni kuloweka mguu katika maji ya moto yanayovumilika (jaribu kwanza kwa mkono wako, usije ukaunguza), kisha hospitali.

Soko la samaki liko pale pale ufukweni, jirani na jengo la forodha la mwaka 1895. Tulikula changu wa kukaanga kwa mikono. Nilitaka kumwonyesha mwanangu mnara wa misheni ambako mwili wa Livingstone ulilazwa mwaka 1874, lakini yeye alitaka kuona mafundi wakigongomea pamba katikati ya mbao, na nadhani alichagua vizuri kuliko mimi.

Jaketi alikataa kulivua hadi tulipokwenda stendi kupanda basi. Nilimrudishia nahodha likiwa na matope na mafuta ya samaki. Jumatatu baada ya kazi nilipita Kariakoo kutafuta la kimo chake. Duka la tatu ndilo lililokuwa nalo.