Jedwali Lisilo na Watani

Katika kitabu cha wachezaji cha Advanced Dungeons & Dragons, toleo la mwaka 1978, kuna jedwali dogo ambalo wachezaji wengi wa siku hizi hawajawahi kuliona. Kushoto yamepangwa makabila ya dunia ile ya kubuni: vibeti, waelfu, binadamu, machotara na wengineo. Juu yamepangwa hayohayo. Ukitaka kujua kibeti anamwonaje mwelfu, unafuata mstari mmoja, unashuka safu nyingine, na pale vinapokutana unakuta herufi. Kuna herufi ya kupendana, ya kutakiana heri, ya kuvumiliana, ya kutojaliana kwa shaka kidogo, ya kutopatana, na ya mwisho ni ya chuki kabisa. Kibeti na mwelfu hawapatani. Kibeti na chotara wa zimwi ni chuki. Basi, imeisha hiyo. Nani alimchokoza nani, lini, na kwa sababu ya ng'ombe au ya mwanamke, jedwali halisemi.

Nimeandika "makabila" kwa makusudi. Kiingereza cha kitabu kile kinatumia neno la mbari, lile la rangi na damu, lakini ukiwatazama watu wenyewe utaona wana lugha yao, milima yao, kazi wanayosifika nayo na chakula wanachochekwa nacho. Hayo ni makabila, bwana. "Waelfu" nimewaunda mwenyewe na bado wananisumbua, maana ukisema "waelfu watatu wameingia kilabuni" mtu anadhani unahesabu hela. "Chotara" nalo neno lina makali yake, na waliowahi kuitwa hivyo barabarani wanajua. Lakini labda ndiyo sababu linafaa hapa kuliko neno safi la kamusi.

Mchezo wenyewe, kwa ambao hawajaucheza: watu wanne watano mnakaa mezani, mmoja anakuwa msimulizi, wengine kila mmoja anabeba mhusika wake. Msimulizi anasema mmefika mbele ya lango, mlinzi ni mwelfu, mnafanyaje? Unasema unachofanya, unarusha dadu lenye nyuso 20, namba inaamua. Gary Gygax na Dave Arneson waliutoa Marekani mwaka 1974. Mimi niliupata Dar es Salaam kwa rafiki mhasibu, nikausoma kwenye simu ndani ya daladala, na hadi leo Jumamosi zikiruhusu tunacheza.

Nilipolikuta jedwali lile la 1978, cha kwanza nilichofanya ni kujaribu kuchora la kwetu. Kwetu ni Nyololo, wilaya ya Mufindi. Ukitoka Mafinga kuelekea Makambako kwa barabara kuu ya Mbeya, ni pale njia inapochepuka kwenda Igowole, Kibao na Mgololo. Malori ya Zambia na Kongo yanapita na kontena, malori ya Mgololo yanaingia na magogo, na mwezi wa saba baridi inakung'ata masikio. Ukisimama njia panda nusu saa utasikia "kamwene" ya Kihehe na Kibena, utasikia "ugonile" ya Mnyakyusa anayeshuka basi kujinyoosha, utamkuta Mkinga dukani na Mngoni aliyekuja kwa kibarua cha chai akaoa hapahapa. Nikaandika majina kushoto, nikaandika juu, nikaanza kujaza herufi. Nikakwama kwenye kisanduku cha kwanza tu, cha Mhehe na Mngoni.

Ungejaza mwaka 1880, ungeweka herufi ya chuki na usingekosea. Wangoni walikuwa wametoka kusini ya mbali, wakavuka Zambezi mwaka 1835 chini ya Zwangendaba, na vizazi vilivyofuata vikajenga dola zao kuzunguka Songea. Wahehe walikuwa wameunganishwa na Munyigumba, kisha na mwanawe Mkwawa. Dola mbili za mikuki, kila moja inataka kupanuka kuelekea kwa mwenzake. Kati ya mwisho wa miaka ya 1870 na mwanzo wa miaka ya 1880 walipigana vita vibaya, na hakuna aliyemmaliza mwenzake. Halafu Wajerumani wakaja, kila upande ukaumia kwa zamu yake. Sisi tulimuua Zelewski pale Lugalo mwaka 1891, tukapoteza Kalenga mwaka 1894 na Mkwawa mwaka 1898. Wao waliingia Majimaji mwaka 1905, na mwaka uliofuata viongozi wao wakanyongwa Songea. Sisi Majimaji hatukuingia, na mpaka leo Mngoni akitaka kunimaliza mbele za watu huniuliza kama siku ile tulikuwa bado tumelala.

Jibu lake ni nini? Ni kucheka, kisha kumuuliza kama panya wa Songea wamekwisha ndiyo maana kaja kula ugali wetu. Maana Mhehe na Mngoni ni watani. Herufi hiyo Gygax hakuwa nayo.

Wataalamu wameliandika sana jambo hili. R. E. Moreau, ambaye kazi yake hasa ilikuwa ndege, kule kituo cha Amani milima ya Usambara, alichapisha makala mwaka 1944 kuhusu utani wa makabila ya Tanganyika. Miaka ya 1970 Stephen Lucas wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikusanya maandishi mengi kuhusu watani wa kila pembe. Napenda kwamba mtu wa kwanza kukaa chini na kuuorodhesha vizuri alikuwa mtazama ndege. Ametazama nani anatua karibu na nani bila kudonoana. Ila ukitaka kujua utani unavyofanya kazi, uliza nyumbani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo na usikasirike. Anaweza kuchukua kuku wako. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye makosa. Na ukifiwa, yeye ndiye anayekuja kushika kazi ambazo wafiwa hawaziwezi, huku akiwachekesha. Yaani haki ya kukudharau anailipia kwa mzigo wa kukuzika. Na wewe vilevile kwake.

Disemba moja nilibeba dadu zangu kwenda nazo Nyololo. Wapwa zangu watatu walikuwa likizo, mvua haikati, umeme umekatika. Nikawaeleza dunia ile, vibeti wachimba madini wenye ndevu, waelfu warefu wa msituni. Nikawaambia vibeti na waelfu hawapatani. Yule wa katikati, wa darasa la sita, akauliza, "Mjomba, hawapatani kwa ugomvi au ni watani?"

Nikamjibu kwa kitabu, kwamba hawapatani kwa ugomvi. Akaniangalia kama mtu ambaye hajauelewa mchezo anaoufundisha.

Usiku ule nikaifikiria upya kazi ya Tolkien, ambaye ndiye aliyewapa watu wa Dungeons & Dragons karibu kila mtu waliyemweka kwenye jedwali. Gimli ni kibeti, Legolas ni mwelfu. Wanaanza safari kwa kununiana, baba zao wana kesi ya zamani. Kufika kwenye vita vya Helm's Deep, kwenye kitabu kilichotoka mwaka 1954 (mwaka uleule fuvu la Mkwawa liliporudi Kalenga kutoka Ujerumani), wanashindana kuhesabu mazimwi waliyoyaua. Gimli anapata 42, Legolas 41, na kibeti hamwachi mwenzake alale kwa hiyo moja. Mwisho wa yote wanapanda mashua moja kwenda ng'ambo. Wahakiki huita urafiki, na sawa, ni urafiki. Lakini mtoto wa Nyololo anaona kitu chenye jina kamili zaidi. Rafiki humhesabii mazimwi. Mtani ndiye unamhesabia.

Asubuhi wapwa walikuwa wameshachora jedwali lao kwenye karatasi ya daftari, punje za mahindi zikawa wahusika. Walikuwa wameongeza herufi U. Na kanuni ndogo chini yake, kwa mwandiko wa yule wa darasa la sita: mtani wako akifa vitani huruhusiwi kuondoka mpaka umzike, hata kama zimwi linakuja. Kwa kanuni hiyo tulipoteza kikosi kizima mara mbili. Ni sheria mbovu kwa mchezo. Sijawahi kucheza na sheria nzuri kuliko hiyo.

Sasa, najua makala ya namna hii inaelekea wapi kwa kawaida: Watanzania tumebarikiwa, utani umetuunganisha, Mwalimu alituunganisha, jirani zetu waje wajifunze. Siendi huko. Kwa sababu kuna kitu kingine kinachojiita utani, na hicho nakijua vizuri pia.

Binti wa shangazi yangu alikwenda Dar mwaka 2009 kufanya kazi za ndani. Nchi nzima inajua kwamba wasichana wa kazi "wanatoka Iringa", utadhani ni zao la biashara kama viazi. Mama mwenye nyumba alikuwa akimwambia mbele ya wageni afiche mbwa wa jirani, Mhehe ameona kitoweo. Wageni wanacheka. Alipokaa kimya akaambiwa Wahehe wana hasira, wasije wakamkuta amejinyonga jikoni. Wageni wanacheka tena. Alikuwa na miaka 17. Mama yule hakuwa Mngoni wala mtani wetu wa aina yoyote ninayoijua, na hata angekuwa, dada yangu angemjibu nini? Angemchukulia kuku? Mshahara wake wenyewe ulikuwa unakaa kwa mama huyohuyo. Mezani kwetu kila mtu ana dadu. Pale sebuleni dadu lilikuwa moja, na mwenye nalo alikuwa anarusha peke yake.

Chumba cha habari nako nimeyakuta, kwa kipimo kidogo. Ukigoma kukata aya ambayo mwenye tangazo hakuipenda, mhariri anasema "jamani huyu Mhehe, tumfichie kamba," kikao kinaangua kicheko, na hoja yako imekufa. Hakuna aliyekujibu. Umegeuzwa kisanduku kwenye jedwali.

Wenye Dungeons & Dragons siku hizi wamelishughulikia jedwali lao. Mwishoni mwa 2022 walitangaza kuacha neno la mbari, na kitabu cha 2024 kinasema spishi. Nawaelewa, ila naona wamekwepa. Spishi ni neno la maabara, linafanya mwelfu na kibeti wawe mbali zaidi, kama mbuzi na samaki. Shida ya 1978 haikuwa kwamba vibeti walikuwa na waliowachukia. Shida ni kwamba chuki iliandikwa kama urefu na uzito, kitu mtu anachozaliwa nacho, hakina mwaka kilipoanza. Kisicho na mwaka wa kuanza huwezi kukichezea mpaka kikageuka kitu kingine. Mhehe na Mngoni waliweza kwa sababu wanakumbuka vita. Wanaitaja kila wanapokutana, hata kwenye bei ya nyanya.

Na wanajua pa kutokuitaja. Mwaka 2016 binamu yangu, kaka wa yule wa kazi za ndani, alijiua. Nimekwambia nchi nzima inatutania kwa jambo gani. Tulikaa msibani Nyololo tukiwa tumejikunja, si kwa huzuni tu bali kwa kusubiri. Watani wakaja, Wangoni wa mashamba ya chai na majirani. Mama mmoja alishika jiko, akatutangazia kwamba leo maharage yatapikwa na watu wanaojua kupika. Kijana akavaa koti la marehemu akatembea kwa ule mwendo wake wa kuburuta mguu wa kushoto, mpaka shangazi, mama mzazi, akacheka huku machozi yanamtoka, mara ya kwanza tangu juzi yake. Tulipofika kaburini mzee wao alikuwa amelala kwenye njia, kofia usoni. Hapiti mtu, alisema, mpaka Wahehe mlipe deni la babu zangu mliowaua. Tukapatana kwa elfu tano na dumu la ulanzi.

Siku tatu nzima walitutania kwa mbwa, kwa ubahili, kwa kushindwa Kalenga. Kwa lile hakuna aliyegusa. Si kwa neno, si kwa jicho. Vijana wao wadogo kabisa, watoto wa miaka kumi, nao hawakugusa, na sijui waliambiwa saa ngapi.

Siku ya kuondoka nilimfuata yule mzee nimshukuru. Nilikuwa nimeandaa maneno, maneno ya mwandishi. Hakuniacha nifike katikati.

"Mliahidi elfu tano," akasema. "Nimepewa nne. Mnataka tumfukue?"

Nikampa elfu. Akaiinua kwenye mwanga kuangalia kama ni halali, kisha akapanda bodaboda ya kwenda Igowole.