Dadamu, Ambako Lori Kuukuu Hutibiwa Uani

Msafiri atokaye Kampala kwenda Arua hukata takriban kilomita 480, na katika mwendo huo huuvuka mto Nile mara mbili, kwanza Karuma na kisha Pakwach. Kutoka Pakwach barabara hupanda kuelekea Nebbi, joto la bondeni hubaki nyuma, na mtu hufika katika nchi ya juu, mita zipatazo 1,200 kutoka usawa wa bahari. Dadamu ni sehemu ya nchi hiyo. Zamani ilikuwa gombolola ya Wilaya ya Arua. Tangu tarehe 1 Julai 2020 imo ndani ya Jiji la Arua. Hata hivyo, mgeni asitafute maghorofa huko. Atakuta miembe mikubwa, mashamba ya muhogo, na nyua zilizofagiliwa hata alama za ufagio zinaonekana mchangani.

Salamu ya huko ni ya Kilugbara: "Mi ngoni?" Nawe hujibu, "Muke." Baada ya hapo, wakikuona u mgeni, watu wengi wa makamo hugeukia Kiswahili pasipo shida. Lugha hii iliingia West Nile pamoja na jeshi tangu siku za King's African Rifles, ikazidi kukomaa kwa biashara ya mipakani. Kwani upande wa Vurra ni Kongo, na ukipita Koboko hadi Oraba unaitazama Sudan Kusini. Kwa sababu ya mipaka hiyo miwili, lori katika sehemu hizi ni mali ya kulisha ukoo mzima. Lori halitupwi kwa kuwa limezeeka.

Katika ua mmoja wa Dadamu nililikuta Bedford la pua ndefu, aina ambayo askari wengi wa zamani wanaijua vyema. Mita yake ilikwisha kufa, wala hakuna ajuaye limekwenda maili ngapi. Mwenyewe ni mzee aliyewahi kuwa dereva wa jeshi. Gereji ziko mjini, si mbali, lakini yeye hupenda kwanza kulichunguza gari lake nyumbani, ili akienda mjini awe anajua anachokwenda kununua.

Uchunguzi wake huanza jioni. Lori likiisha kupoa husimamishwa mahali tambarare, magurudumu huzuiwa kwa magogo, na chini yake hutandikwa katoni safi tangu pua hadi mkia. Asubuhi katoni husomwa kama barua. Tone jeusi lenye utelezi ni oili ya injini. Tone zito lenye harufu ya kiberiti limetoka katika giaboksi au katika difu. Maji ya kijani au mekundu yenye harufu tamutamu ni ya rejeta, na hayo watoto na mbwa wasiyaguse, kwani ni sumu. Umajimaji mwepesi wa rangi ya manjano karibu na gurudumu ni mafuta ya breki, na siku hiyo gari haliendi popote.

Lakini katoni huonyesha mahali tone lilipoangukia tu. Oili hutambaa, hutoka juu ya injini, ikafuata ukingo wa chuma, ikapeperushwa na upepo wa feni, ikadondokea mbali na chanzo chake. Kwa hiyo mzee huiosha injini kwa mafuta ya taa na sabuni ikiwa baridi, huiacha ikauke, kisha huinyunyizia unga mkavu wa muhogo kwa kitambaa chepesi. Injini ikiisha kunguruma kwa dakika chache, huzimwa, na unga ulioloa huonyesha mahali penyewe. Mkewe huunung'unikia unga huo, maana ni wa chakula, lakini sijaona njia rahisi kuipita hiyo.

Jambo ambalo mafundi wengi vijana hulisahau ni tundu la kupumulia. Injini iliyochakaa hupitisha moshi kando ya ringi za pistoni hadi tumboni mwake. Tundu la kutolea moshi huo likizibwa na masizi, msukumo hutafuta njia nyingine, nao huisukuma oili kupitia kila gasketi na kila sili. Mtu atabadilisha gasketi ya sampu, na juma lifuatalo itavuja tena. Basi tundu husafishwa kwanza, ndipo gasketi ifikiriwe. Na boliti zisikazwe kwa hasira: gasketi ya koki ikibanwa kupita kiasi hupasuka, na bati la kifuniko hupinda.

Kwa rejeta mzee ana masharti mawili. Kifuniko hakifunguliwi injini ikiwa moto, hata kama abiria wanaharakishwa na mvua. Na yai, binzari au pilipili havitiwi ndani. Ni kweli kwamba vitu hivyo huziba tundu dogo, dereva akafika nyumbani. Lakini huziba pia njia nyembamba za maji, na injini huanza kuchemka bila sababu inayoonekana. Anakubali sabuni ya kipande ikisuguliwa kwenye ufa mdogo wa tangi la dizeli, kwa safari ya kufika kwa mchomeleaji tu.

Siku niliyofika, tatizo halikuwa injini. Gurudumu la nyuma la kushoto lilikuwa limelowa kwa ndani. Mpangaji wa mizigo alikuwa anangoja magunia ya muhogo yapelekwe Pakwach alfajiri ya kesho yake, na fedha za safari hiyo zilikwisha tengwa kwa ada ya shule. Mzee na mpwa wake waliinua ekseli, wakaiweka juu ya vigogo vya mti mgumu, kwa kuwa jeki peke yake haiaminiwi na mwenye akili. Dramu ilipotoka, viatu vya breki viling'aa kwa oili ya difu.

"Mjomba, tuvioshe kwa petroli," akasema kijana. "Vikikauka, twende."

"Mwanangu, petroli huosha juu," akajibu mzee. "Oili imekwisha kunywewa ndani. Breki ikipata moto kwenye mteremko wa Nebbi, itatoka tena. Nani atalizuia lori na tani zile?"

Mama akatoka jikoni, akauliza kama hakuna njia nyingine kabisa. Mzee akamwambia hakuna. Akanyamaza kitambo, akasema, "Basi Mzee, nitakwenda shuleni mwenyewe nikawaombe wangoje." Mpangaji alipata lori jingine jioni ile ile.

Kilichobaki kilifanywa kwa siku mbili. Kwanza walilifungua tundu la kupumulia la difu, lililokuwa limezibwa na tope. Difu inapopata moto hewa yake hutanuka, na ikikosa pa kutokea huisukuma oili kupita sili hadi kwenye breki. Kisha mzee alipitisha ukucha mahali sili inapokaa, akakuta mfereji uliochimbwa kwa miaka mingi. Sili mpya ikilala juu ya mfereji huo huo itavuja siku ya kwanza. Kwa hiyo aliigonga polepole, akaiacha nje kidogo kuliko ile ya zamani, mdomo wake ukashika chuma laini. Viatu vipya viliwekwa magurudumu yote mawili ya nyuma, sababu breki ya upande mmoja ikishika kuliko mwenzake, gari huvuta kando. Mipira ya silinda za breki ilikaguliwa pia. Mfumo huo hutiwa mafuta yake maalumu tu. Oili ya injini huivimbisha mipira, na gari hukosa breki zote pamoja.

Oili chafu iliyokingwa ilitiwa katika debe. Dadamu hupakwa nguzo za nyumba ili kuzuia mchwa, na majirani wawili walikwisha iomba kabla haijapoa. Mama alitoa sharti moja tu, kwamba nguzo zipakwe huko huko kwao, mbali na njia ya maji ya chemchemi, na debe lirudi kwake likiwa na kifuniko.