Siku Mbili Mjini Lyon

Tukijaliwa siku mbili za kuutembelea mji wa kale wa Lyon, Ufaransa, tusijaze ratiba hadi turudi nyumbani tumechoka kuliko tulivyoondoka. Sisi na waume zetu tumepanga hivi.

Siku ya kwanza tutaanzia kando ya mto Saône, katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Yohane Mbatizaji. Kisha tutapanda treni ndogo ya mlimani hadi Basilika la Fourvière. Wenyeji waliweka nadhiri ya kulijenga mwaka 1870, wakiomba vita visiufikie mji wao. Tutashuka kwa miguu, polepole.

Siku ya pili tutakwenda kilima cha Croix-Rousse, kwenye magofu ya uwanja wa Warumi. Hapo anakumbukwa Blandina, kijakazi aliyeuawa mwaka 177 kwa kukataa kumkana Kristo. Bibi aliyemmiliki, Mkristo mwenzake, alihofu kwamba mwili ule dhaifu usingestahimili mateso. Waliochoka ni watesaji.

Pale tusipige picha tu na kuondoka. Tuketi, tuwaombee wasichana wa kazi walio majumbani mwetu, na tujiulize tunaishi nao vipi.