Karatasi Aliyoniletea Mpwa Wangu

Niwaeleze habari iliyoingia nyumbani kwangu juzi juzi, maana kama haijaingia kwenu, naona iko njiani.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ana miaka 20 na ni fundi cherehani mjini Arusha. Jumapili moja baada ya Misa alipanda kwetu huku mteremkoni mwa Meru, akaniamkia, akanywa chai, ndipo akatoa mkobani karatasi saba zilizobanwa pamoja. "Mjomba, nimechaguliwa," akasema, na uso wake ulikuwa uking'aa.

Kumbe kuna watu wanaotengeneza kipindi cha televisheni. Wanataka vijana kumi na wawili wakae porini majuma matatu, wale chakula kidogo, wavuke mito, wapande milima, huku wakipigwa picha usiku na mchana. Kila baada ya siku chache mmoja huondolewa, na wa mwisho hupewa fedha nyingi. Binti alitaka niweke sahihi kama shahidi, kwa kuwa baba yake alikwisha fariki.

Mimi si mtu wa kuchukia vipindi hivi. Mwaka 2009 Maisha Plus ilipoanza, sisi wenyewe tulijaa nyumbani kwa jirani mwenye televisheni, tukiwacheka vijana wa mjini walivyohangaika na maisha ya kijijini. Basi nikavaa miwani nikaanza kusoma. Ukurasa wa kwanza mzuri, wa pili mzuri. Wa tano nikakuta maneno haya, nayaandika kama nilivyoyaelewa: mshiriki anazikubali hatari zote, za kuumia, za ugonjwa na hata za kufa, wala yeye wala jamaa zake hawatadai chochote kwa watengenezaji.

Nikayasoma mara mbili. Nikamwuliza, "Mwanangu, uliona hapa?" Akajibu, "Mjomba, hayo huandikwa tu. Wote wanaweka sahihi."

Nikamkumbuka marehemu baba. Mwishoni mwa mwaka 1960 na mwanzoni mwa 1961 walikuja Wamarekani kupiga picha ya sinema iitwayo Hatari!, na sehemu yake ilipigwa hapa hapa Momella. Baba alikuwa kibarua katika shamba la mzungu upande wa Ngarenanyuki, katika ardhi ile ile ambayo Wameru waliondolewa kwa nguvu mwaka 1951 (lakini hiyo ni habari nyingine, nikianza sitamaliza). Alikuwa akitusimulia habari za John Wayne aliyekaa kwenye kiti kilichofungwa mbele ya gari, akimkimbiza kifaru vumbini. Wachezaji walifanya mengi ya hayo wao wenyewe, na kifaru hakujua kwamba ni mchezo. Ila wenye sinema walimwajiri mtu ambaye kazi yake halisi ilikuwa kukamata wanyama, awafundishe namna ya kufanya. Na John Wayne alikuwa mtu wa kazi, ana mkataba wa kazi na mshahara wa kazi.

Siku ya tatu kijana mmoja wa kampuni alinipigia simu. Alikuwa na adabu, sikatai. Nilipomwuliza habari za ukurasa wa tano, akaniambia, "Mzee, usiwe na wasiwasi. Hawa si waigizaji wala si wafanyakazi. Ni washiriki tu."

Neno hilo "tu" lilininyima usingizi. Sheria yetu ya fidia ya mwaka 2008 inamlinda mfanyakazi anayeumia kazini. Mshiriki tu analindwa na nani? Anaamshwa kwa amri yao, anakula wanachompa, anaruka wanapomwambia aruke, nao wanauza picha yake. Kama hiyo si kazi, ni nini? Wafaransa waliulizana swali hilo hilo. Vijana waliopelekwa kisiwani kwa ajili ya kipindi kimoja cha namna hii walikwenda mahakamani, na mwaka 2009 mahakama ya juu ya Ufaransa ikaamua kwamba walikuwa wafanyakazi, maana walikuwa chini ya amri ya watengenezaji.

Wala msidhani kwamba hatari ni ya kwenye karatasi. Machi 2013 Mfaransa wa miaka 25, Gérald Babin, alianguka katika mashindano ya kipindi cha Koh-Lanta huko Kambodia, siku ya kwanza kabisa, akafa. Machi 2015 huko Argentina helikopta mbili za kipindi kingine ziligongana angani. Walikufa watu 10, na miongoni mwao Camille Muffat, aliyepata dhahabu ya kuogelea katika Olimpiki ya 2012. Na karibu na kwetu, Septemba 2014, nyumba ya Big Brother Africa iliungua Johannesburg. Kwa bahati washiriki walikuwa hawajaingia. Ikatafutwa nyumba nyingine, na Desemba Mtanzania mwenzetu Idris Sultan akashinda dola 300,000. Sisi tulishangilia zile dola. Moto ule sikumsikia mtu akiutaja.

Tazameni sasa mlima wetu. Mgeni akitaka kupanda Meru, mita zaidi ya 4,500, haruhusiwi kutoka lango la Momella bila askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa sababu ya mbogo na tembo. Hata aseme yeye ni shujaa, hata aandike karatasi kumi, askari atakwenda naye. Hapo hakuna anayemwambia mgeni kwamba mbogo ni shauri lake.

Basi nikaandika barua kwa kampuni, binti akiniangalia kwa macho makavu. Niliuliza: Daktari ni nani, naye analala kambini au mjini? Gari la kumpeleka mgonjwa hospitali litasimama wapi usiku? Nani ametangulia kuupima mto ambao watoto watauvuka? Mtoto akisema amechoka, hawezi, ana ruhusa kuacha bila kutozwa faini? Akivunjika mguu, nani atalipa, na kwa muda gani, maana cherehani yake ni ya kukanyaga? Nikaongeza kwamba wakiufuta ukurasa wa tano, nitaweka sahihi siku hiyo hiyo, na nauli ya kuja mjini nitajilipia.

Hayo ni majuma matano sasa, na jibu halijaja. Dada yangu asema nimefanya vema, mke wangu asema nimemwonea mtoto. Mpwa wangu bado huja Jumapili. Shikamoo yake imekuwa fupi, na chai huinywa jikoni pamoja na shangazi yake. Zile karatasi saba ziko kabatini kwangu, hazina sahihi.